Wakuu, kwa nini mtu anayekufa kwa baridi mlimani anavua nguo?

#1 Binti wa Mwika
Habari wakuu. Hili swali ninalo tangu nikiwa darasa la tano.

Baba mdogo alikuwa mpagazi njia ya Marangu. Novemba 1997, mwaka ule wa mvua za El Niño, walipandisha wageni. Usiku wa kwenda kileleni theluji ikashuka na upepo juu yake. Yeye hakuwa kwenye kundi la kileleni, alitakiwa abaki kambi ya Kibo na wapishi. Katikati ya usiku akatumwa apeleke chupa ya chai kwa mgeni aliyeishiwa nguvu njiani. Chai ilifika. Yeye hakurudi.

Asubuhi walimkuta amejikunyata nyuma ya jiwe, chini kidogo ya pango la Hans Meyer. Koti limevuliwa na kukunjwa, liko pembeni yake. Sweta kalipandisha mpaka kifuani. Theluji imemfunika magoti.

Nyumbani kila mtu alikuwa na lake. Bibi alisema mlima umemwita. Baba akasema alikunywa, wakati baba mdogo alikuwa mlokole, hata mbege hajawahi kuonja. Mama alinyamaza, na mpaka leo ukimuuliza anabadilisha mada.

Kwa hiyo nauliza wanaojua: baridi ile, halafu mtu anavua koti kwa mikono yake? Kwa nini?

#2 Ngoja_Waje
Pole dada. Nakaa benchi la mbele, waje wajuzi.

#3 MpareMbishi
Pole sana. Ila naomba kuelimishwa, si tunaambiwa theluji ya Kilimanjaro imeisha? Mimi nikiwa Same asubuhi naona kofia ndogo tu pale juu. Theluji ya kufunika magoti imetoka wapi?

#4 Gaidi Mstaafu
#3 usichanganye theluji na barafu. Inayoisha ni barafu ya kudumu, yale mabonge ya pale juu. Kati ya 1912 na 2007 zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake lilipotea. Theluji ni kitu kingine, inanyesha kila mwaka, sana sana Machi mpaka Mei na tena Novemba, Desemba. Inaweza kufunika njia yote usiku mmoja na saa sita mchana usione hata alama.

Nimepandisha wageni miaka 19. Barafu ya kudumu sikuwahi kuiogopa, ile imekaa zake na wewe unapita zako. Niliogopa theluji ya maji. Inaanza kama mvua pale kambi ya Horombo, ukipanda kidogo inakuwa mvua yenye chembe za theluji ndani, nguo zinalowa, ukipanda tena inakuwa theluji kavu na upepo, na wewe umeshalowa. Theluji kavu unaikung'uta. Hiyo ya maji inaingia mpaka soksi.

Dada, mahali ulipopataja napafahamu. Pole.

#5 Chalii wa Ngarenaro
Aisee, hapa Chuga (Arusha) mwezi wa saba tunalala na masweta mawili na bado meno yanagongana. Mtu avue koti kule juu? Hiyo bangi tu, msimzungushe dada wa watu.

#6 Binti wa Mwika
#5 nimesema alikuwa mlokole.

#7 Chalii wa Ngarenaro
Samahani dada. Nimeropoka.

#8 Mzee wa Kibosho
Wanangu, ninyi mna haraka. Hili jambo ni la zamani kuliko wageni wa tipu.

Wazee walisimulia kwamba Mangi Rengua, mtawala wa Machame, alituma kundi la watu wapande wakaone ule weupe ni nini, wengine wakidhani ni fedha. Akarudi mmoja tu, mikono na miguu imeharibika kwa baridi. Habari hiyo wamisionari waliikuta na wakaiandika. Rebmann mwenyewe alipouona mlima tarehe 11 Mei 1848 alimuuliza kiongozi wake ule weupe ni nini, akajibiwa neno moja: baridi. Hakuambiwa theluji. Ulaya walimbishia, akina Cooley, mwanajiografia wa London, wakasema haiwezekani theluji ikae karibu na ikweta. Sisi tulishazika watu.

Na mnaijua hadithi ya Mawenzi kwenda kuomba moto kwa Kibo. Moto ukamzimikia, akarudi tena kuomba, ukamzimikia tena, mpaka Kibo akachoka akamtandika na mchi, ndiyo maana Mawenzi kachongoka vile. Hata milima yenyewe iligombana kwa ajili ya moto.

Bibi yako alipokwambia mlima umemwita hakuwa mjinga. Anayeitwa na mwenyeji huvua anachovaa. Kwetu ulikuwa huingii kwa mkubwa umejifunika kichwa.

#9 MpareMbishi
Mzee heshima yako, ila huyo mkubwa mbona hawaiti wageni wenye makoti ya dola mia tano? Anaita wapagazi tu?

#10 Mzee wa Kibosho
Wageni nao huitwa. Wao wana bima ya helikopta.

#11 Daktari wa Mtaa
Nimecheka #10, lakini turudi kwenye swali maana lina jibu.

Dada, alichofanya baba mdogo kinafahamika. Kimeonekana Ulaya, Marekani, Urusi, popote watu wanapokufa kwa baridi. Mwili ukianza kupoa unabana mishipa ya damu ya mikono, miguu na ngozi ili joto libaki kwenye moyo, mapafu na ubongo. Ndiyo maana vidole vinakuwa vyeupe na kufa ganzi kwanza. Kubana kule ni kazi ya misuli midogo iliyozunguka mishipa, na misuli nayo inachoka. Ikiachia, damu yenye joto ya ndani inamiminika kwenye ngozi kwa mara moja. Ngozi iliyokuwa ya barafu inapata damu ya moto, mtu anahisi anaungua. Anavua. Na akivua, joto la mwisho alilokuwa nalo linaondoka.

Kuna wanaosema tatizo liko kwenye ubongo, ile sehemu inayopima joto la mwili inapoa na kusoma vibaya, kama kipimajoto kilichoharibika. Maelezo yote mawili yapo na wataalamu hawajamalizana.

Mwili wa kawaida ni nyuzi 37. Ukishuka chini ya 35 umeanza hatari, unatetemeka sana. Ukienda chini ya 32 kutetemeka kunapungua na akili inalewa, anaongea kama mtu aliyekunywa, anajikwaa. Baba yako kusema alikunywa, hakukosea alichokisikia kutoka kwa waliomwona, alikosea sababu.

Na lile la kujikunyata nyuma ya jiwe pia linajulikana. Wengine hukutwa wamejisokomeza chini ya kitanda au kabatini. Pale pangoni urefu ni mita 5,500 hivi, oksijeni nusu ya Pwani, ubongo ulikuwa na mizigo miwili.

#12 Gaidi Mstaafu
Dokta, pango la Hans Meyer ni mita 5,150. 5,681 ni Gilman's Point, kule ukingoni mwa kreta. Mengine sawa.

#13 Daktari wa Mtaa
Nimepokea mkuu. Mimi nimeishia Mandara, kambi ya kwanza, nikatapika nikarudi.

#14 Toto la Makete
Wachagga mnajifanya mna baridi kwa sababu mlima wenu ni maarufu. Njooni Makete mwezi wa sita asubuhi, viazi vimefunikwa sakitu, nyasi nyeupe, watoto wanakwenda shule na mguu mtupu. Hatuna tipu wala wageni wa kutupiga picha.

#15 Kahawa Chungu
#14 Makete kuna mtu wa kuvua nguo kwa baridi?

#16 Toto la Makete
Kwetu anayevua ni ulanzi, baridi anasingiziwa tu.

#17 Kahawa Chungu
Mimi nina wazo baya, dada unisamehe. Hamjafikiria kwamba alivuliwa? Miaka hiyo koti zuri la mlimani lilikuwa sawa na mshahara. Mtu kamkuta ameishiwa, kachukua la ndani, hilo la juu hakuwahi. Nimesikia huko ng'ambo polisi wakikuta maiti ya mwanamke kwenye theluji haina nguo wanaanza kutafuta mbakaji, kumbe ni baridi. Basi na kinyume chake kinawezekana: tunasema baridi, kumbe ni mtu.

#18 Gaidi Mstaafu
#17 koti halikuibiwa, dada kasema lilikuwa pembeni yake. Na mwizi hakunji. Nikutetee kidogo lakini: usiku kama ule nimeona watu wazima wakinyang'anyana glovu. Sitasema zaidi.

#19 MpareMbishi
Mwizi hakunji, sawa. Na anayeungua hakunji vilevile! Dokta, mtu akihisi moto si atalirarua koti alitupe kule? Hapo kwenye kukunja mimi sijaridhika.

#20 Daktari wa Mtaa
Swali zuri. Aliyezoea kukunja atakunja hata akili ikiwa imelewa, mikono inafanya ilichozoea. Lakini nakiri hilo nimelibuni sasa hivi.

#21 Msafiri Minnesota
Nimewaona wanajamvi. Mzaliwa wa Majengo, Moshi, sasa niko Minnesota mwaka wa 11. Theluji mnayoiona kwenye picha ya Krismasi mimi naifyeka na koleo kila asubuhi ili gari litoke.

Mwaka wa kwanza nilipiga simu nyumbani nikasema leo ni nyuzi 20. Mama akasema, "Mbona afadhali kuliko Arusha?" Nikasahau kuwa huku wanapima kwa Farenhaiti. Nyuzi 20 za huku ni kama 7 chini ya sifuri kwetu. Ikifika 40 chini ya sifuri ndipo tunaelewana, hapo vipimo vyote viwili vinakutana. Januari 2019 Chicago walishuka mpaka 31 chini ya sifuri kwa hesabu yetu, siku ile sisi huku hatukutaka hata kuangalia kipimajoto.

Watu wanadhani theluji inaua kwa kugandisha. Huku niliyoona mimi inaua kwa njia za kijinga. Jirani yangu, mzee wa miaka 60 na kitu, alitoka kufyeka theluji bila hata chai, theluji ya maji, nzito kama mchanga wa mtoni. Baridi imebana mishipa, moyo unasukuma kwa nguvu, na yeye ananyanyua koleo. Alianguka kwenye njia ya gari lake, koleo bado liko mkononi. Daktari akasema moyo.

Halafu kuna barafu usiyoiona. Theluji inayeyuka mchana, usiku inaganda juu ya lami, nyembamba kama kioo, unaona lami tupu. Ukikanyaga breki gari linakwenda linakotaka lenyewe. Nimezunguka mara mbili kwenye barabara kuu nikiangalia taa za malori yanayokuja. Sikuomba kwa Kiingereza siku hiyo, niliomba kwa Kichagga.

#22 Chalii wa Ngarenaro
Shikamoo Minnesota. Unatuma dola lini?

#23 Msafiri Minnesota
Marahaba. Nikimaliza kununua chumvi. Huku tunamwaga chumvi barabarani theluji isigande, inakula gari kwa chini mpaka sakafu inatoboka. Gari la miaka mitano huku linaonekana kama la Tanga.

#24 Binti wa Mwika
Asanteni wote. #11 umenifanya nilie ofisini. Miaka yote nilidhani aliamua mwenyewe.

Swali la pili dokta. Walisema walimkuta "ameshakauka", wakamfunika blanketi, wakashuka kuita watu wa machela. Huyo mtu wa baridi anaweza kuonekana amekufa kumbe bado?

#25 Daktari wa Mtaa
Dada, nitakujibu kweli. Inawezekana. Mapigo yanakuwa machache mno huwezi kuyasikia kwa kidole. Mwaka 1999 huko Norway kuna daktari mwanamke, Anna Bågenholm, alinasa chini ya barafu ya kijito akiteleza kwenye theluji, joto la mwili likashuka mpaka nyuzi 13.7, na alipona. Ndiyo maana madaktari wa huko hawamhesabu mtu amekufa mpaka awe amepashwa joto na bado hana uhai.

Lakini yeye alichukuliwa na helikopta mpaka hospitali yenye mashine ya kutoa damu nje, kuipasha moto na kuirudisha. Ilichukua saa nyingi. Pangoni, mwaka 1997, usiku wa theluji, hakuna aliyekuwa na kitu hicho. Waliomfunika blanketi hawakumuua.

#26 Gaidi Mstaafu
Niongeze hapo kwa faida ya vijana wanaopanda sasa. Mkimkuta mwenzenu amepoa, msimsugue. Sisi tulikuwa tunasugua vidole na theluji kwa nguvu, tuliambiwa inaamsha damu. Kumbe unachana nyama iliyoganda kama unavyosugua papai. Msimpeleke miguu kwenye moto, hasikii, ataungua bila kujua. Mlaze, mvue zilizolowa, mfunge kwenye kavu, kama anameza mpe chai yenye sukari nyingi. Msimkimbize wala kumtikisatikisa, moyo uliopoa unashtuka vibaya.

Na hakuna Konyagi. Najua mnaibeba. Inafungua ileile mishipa dokta aliyosema mwili unaibana, unahisi joto kifuani kumbe unalimwaga nje.

#27 Kahawa Chungu
Sasa kama Konyagi inafungua mishipa na kuchoka kwa misuli kunafungua mishipa, maelezo ya baba yake dada na ya dokta si ni kitu kimoja?

#28 Daktari wa Mtaa
Kwa ngozi, ndiyo. Kwa jina la marehemu, hapana.

#29 MpareMbishi
Niulize la hesabu. Usiku Moshi mjini ni nyuzi 20. Nimesoma joto linapungua nyuzi moja kila mita 100. Kilele ni 5,895, Moshi tuko kama 900, tofauti karibu 5,000. Kwa hiyo kileleni ni 30 chini ya sifuri? Mbona wageni wanasema 10, 15?

#30 Gaidi Mstaafu
Nyuzi moja kwa mita 100 ni ya hewa kavu inayopanda. Kwa wastani ni kama 6.5 kwa kila mita 1,000. Zidisha kwa tano upate 32 na ushee. Toa kwenye 20 unapata 12 hivi chini ya sifuri. Hiyo ndiyo tuliyokuwa tunaikuta, kabla ya upepo.

#31 Msafiri Minnesota
Na upepo ndiyo mwenye nyumba. Huku redio inatangaza namba mbili, joto lenyewe na joto unalolisikia. Nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 50 kwa saa, ngozi inasikia kama 22 chini ya sifuri. Kipimajoto hakibadiliki, ni ngozi tu inayonyang'anywa joto kabla haijajifunika. Kama hauna koti la kuzuia upepo, sweta tatu ni kazi bure, upepo unapita kama kwenye chandarua.

#32 Toto la Makete
Mzee wa Kibosho na jiko lake la mkaa atasema hayo yote ni porojo.

#33 Mzee wa Kibosho
Hapo kwenye jiko la mkaa usiniguse. Baridi ya Julai 2006 nilimzika mpangaji wangu na mke wake. Walifunga dirisha, wakaingiza jiko chumbani, wakalala. Asubuhi mlango ulivunjwa. Nyuso zao zilikuwa na rangi nzuri kama wamelala tu. Baridi iliyowaua hata haikuwa ya theluji.

#34 Daktari wa Mtaa
Pole mzee. Ni kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, inashika damu na kuzuia oksijeni. Huko kwenye theluji nako inaua watu. Texas Februari 2021 theluji ilipoangusha umeme, watu waliwasha jenereta na majiko ya mkaa ndani ya nyumba. Jimbo lilihesabu vifo 246 vya dhoruba ile, na hiyo hewa ilikuwamo.

#35 Msafiri Minnesota
Na Buffalo Desemba 2022, siku za Krismasi. Zaidi ya watu 40 walikufa eneo lile. Wengine walikutwa kwenye magari yao yamefukiwa barabarani. Ukinasa, huku tunafundishwa: kaa ndani ya gari, usitembee kutafuta msaada maana huoni hata mkono wako. Ukiwasha injini upate joto, toka kwanza ufukue ekzosi. Theluji ikiziba ekzosi moshi unarudi ndani na unalala kama wapangaji wa mzee.

#36 Gaidi Mstaafu
Tulikuwa tunawafokea wapagazi wanaowasha jiko ndani ya hema lililofungwa zipu. Walituona wanoko. Asubuhi unawakuta vichwa vinawauma, wanasema ni mlima. Mlima unasingiziwa mengi.

Na macho! Hakuna aliyesema macho. Mwaka 2009 nilimwazima mgeni miwani yangu, yake ilivunjika Stella Point, karibu na kilele. Jua limetoka, theluji mpya, nyeupe tupu. Theluji mpya inarudisha karibu asilimia 80 ya ile miale mikali, na kila mita 1,000 unazopanda miale inaongezeka kama asilimia 10. Nikashuka vizuri, nikala, nikatania watu. Saa mbili usiku, kambi ya Mweka, nilihisi mtu kanimwagia mchanga machoni. Siku mbili nililala na kitambaa usoni, mke wangu ananilisha ugali. Yule mgeni aliniandikia barua nzuri sana.

#37 Chalii wa Ngarenaro
Miwani je, alirudisha?

#38 Gaidi Mstaafu
Hapana.

#39 Fundi wa Memorial
Nimesoma tangu mwanzo nikasita kuandika. Mzee wangu miaka ya tisini alikuwa anakodisha makoti ya mlimani pale Moshi. Mitumba, anachagua yale mazito, anashona zipu, anakodisha kwa safari. Mpagazi anaacha saa, kitambulisho, au mtu wa kumdhamini. Koti likirudi limechanika, limeungua au limeoza kwa maji, analipa, na bei anapanga mzee. Mimi mtoto ndiye niliyekuwa nakagua mishono.

Sasa nawaambia nilichokiona kwa macho. Walikuwepo wapagazi wanarudisha koti kavu kabisa, limekunjwa ndani ya nailoni, na wao wenyewe wamelowa chapachapa mpaka viatu vinatoa maji. Mvua ikianza mtu analivua koti analificha kwenye begi, anabaki na sweta lake. Deni la koti lilikuwa zaidi ya malipo ya safari.

Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwa marehemu. Dokta ana yake, mzee ana yake. Ila #19 aliuliza nani anakunja koti kwenye theluji.

#40 Ngoja_Waje
Dah.

#41 MpareMbishi
Hii imenikata maneno, na mimi si mtu wa kukatwa.

#42 Daktari wa Mtaa
Fundi, inaingia akilini, na haipingani na mwili. Akilivua kwa ajili ya mvua, akalowa, maji yanaondoa joto mara 25 kuliko hewa, ndani ya muda mfupi yuko chini ya 32. Lakini sweta lililopandishwa kifuani? Hilo bado ni langu. Hakuna anayelinda koti kwa kupandisha sweta.

#43 Mzee wa Kibosho
Na nani alimwambia akae nyuma ya jiwe lile na si lingine? Endeleeni tu.

#44 Gaidi Mstaafu
Siku hizi kuna mradi wa kusaidia wapagazi hapo Moshi unaoazima nguo bure. Mwaka 1997 haukuwepo. Mizigo nayo sasa inapimwa getini, mwisho kilo 20. Zamani ulibeba ulichopewa.

Fundi amesema kweli. Nilikuwa najua mambo ya makoti, nikajifanya nimesahau. Mimi pia nilishawahi kulivua.

#45 Binti wa Mwika
Nilifunga simu juzi baada ya kusoma #39. Jana nilimpigia mama. Safari hii hakubadilisha mada.

Anasema koti lililetwa na maiti, ndani ya nailoni ya sukari. Wenzake walisema walilikuta hivyo hivyo, ndani ya nailoni. Kwa hiyo nilikosea kule juu, halikuwa pembeni tu. Na siku ya nne baada ya mazishi alikuja kijana kulidai. Bibi alikuwa ameshalifua na kulianika. Yule kijana aliliangalia, akasema zipu imeharibika. Baba akalipa.

Mama anasema ndiyo maana baba alianza kusema marehemu alikunywa. Hakutaka watu wajue alilipia koti.

#46 Msafiri Minnesota
Mwenyezi Mungu amlaze pema. Niko kwenye gari, nimeegesha, siwezi kuendesha sasa hivi.

#47 Toto la Makete
Pole dada. Nafuta utani wangu wote wa huu uzi.

#48 Kahawa Chungu
Hata mimi lile wazo la wizi nalirudisha. Au sijui. Labda lilikuwa karibu na ukweli kuliko nilivyodhani.

#49 Fundi wa Memorial
Dada, mama anakumbuka lilikuwa rangi gani?

#50 Binti wa Mwika
Bluu. Bluu iliyopauka, na ndani lina manyoya meupe.

#51 Fundi wa Memorial
Ya bluu yalikuwa mengi, kila mkodishaji alikuwa nayo. Nitamuuliza mzee nikienda Jumapili. Ila siku hizi anasahau, hata mimi ananiita kwa jina la kaka yangu.

#52 Ngoja_Waje
Tunasubiri.